Je, Wajua? Kutoka Theluji ya Minnesota Hadi Jangwa la Arizona

Sogea kidogo, nipishe nikae, maana leo nina mambo. Tarehe 2 Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, jimboni Minnesota, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Karibu miaka sita kabla ya hapo, tarehe 26 Juni 1990, mjini Phoenix, Arizona, kilikuwa kimepanda hadi nyuzi 50 juu ya sifuri. Hesabu mwenyewe: tofauti ya nyuzi 101, ndani ya nchi moja!

Na usidhani ni mbali sana. Kutoka Minneapolis hadi Phoenix, ndege haimalizi saa nne angani. Unapanda umevaa makoti mawili, unashuka unatafuta kivuli.

Je, wajua kwamba Minnesota hujiita nchi ya maziwa 10,000, na hapo inajipunja? Yakihesabiwa yale tu yenye ekari 10 kwenda juu, yanafika 11,842. Baridi ikikolea, karibu yote huganda.

Yakishaganda, watu huyageuza barabara. Barafu safi ya sentimita 10 inabeba mtu. Ikikaribia sentimita 30 inabeba gari. Wanaendesha hadi katikati ya ziwa, wanasimamisha kibanda, wanatoboa shimo na kuvua samaki wakiwa wamekaa kitini. Wewe umewahi kuegesha gari juu ya Ziwa Viktoria?

Kuna kichekesho kimoja wanachokipenda watu wa huko. Kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, rusha juu kikombe cha maji yaliyochemka. Hayatarudi chini yakiwa maji; yatapasuka kuwa wingu jeupe la chembe za barafu. Angalia tu upepo unavuma kuelekea wapi, maana wapo waliojimwagia maji ya moto.

Hizo nyuzi 40 chini ya sifuri zina ajabu nyingine. Ndipo mahali pekee ambapo kipimo cha Selsiasi na kile cha Fahrenheit, wanachotumia Wamarekani, vinasoma namba ileile. Ishike hiyo, tutaihitaji mbele.

Mwishoni mwa Desemba, jua la Minneapolis huzama saa kumi na dakika 34 hivi jioni. Sikiliza vizuri: saa kumi, si saa kumi na mbili! Kesho yake huchomoza saa mbili kasorobo au karibu na hapo. Mtoto anakwenda shule gizani, na akikawia kidogo kurudi, anarudi gizani vilevile.

Wajua wanavyokwenda kazini bila kukanyaga theluji? Katikati ya Minneapolis kuna madaraja yaliyofunikwa kwa vioo, yanayounganisha majengo ghorofani, jumla karibu kilomita 15. Mtu anaweza kutoka hotelini, akapita benki, akala chakula cha mchana, akamwona daktari wa meno, na asiguswe na upepo hata mara moja.

Jirani yake, mjini Bloomington, kuna Mall of America, kituo cha maduka kilichofunguliwa mwaka 1992. Ukiondoa milangoni, jengo hilo kubwa halina mfumo mkuu wa kupasha joto. Joto lake linatoka kwenye jua linalopenya paa la vioo, kwenye taa, na kwenye miili ya wanunuzi. Naam, wateja ndio jiko!

Nje nako, gari hulala limechomekwa kwenye umeme usiku kucha, na si gari la umeme. Ni la petroli, ila injini yake ina kifaa cha kuipasha moto isije ikagoma asubuhi.

Mwaka 1991, sikukuu ya Halloween ya mwisho wa Oktoba ilikuta theluji ikianza kumwagika Minnesota, na dhoruba haikuondoka hadi Novemba ilipoingia. Minneapolis ilipata sentimita 72. Duluth, kwenye ufuko wa Ziwa Superior, ilipata 94. Hapo bado majira ya baridi hayajafika rasmi, ndugu yangu.

Sasa unaelewa kwa nini watu wanafungasha. Wengi ni wastaafu, na Arizona wanawaita ndege wa theluji: wanatua Oktoba au Novemba, wanaondoka Aprili. Wengine huja mara moja, wakauza jembe la theluji na wasirudi tena.

Je, wajua kwamba kuna mji mzima uliojengwa kwa ajili yao? Del Webb, mkandarasi, alifungua Sun City tarehe 1 Januari 1960 juu ya mashamba ya pamba nje ya Phoenix. Wageni waliotarajiwa mwishoni mwa juma lile la kwanza ni 10,000. Walikuja 100,000!

Siku tatu za mwanzo ziliuza nyumba 237. Kanuni yake mpaka leo ni kwamba kila nyumba iwe na angalau mtu mmoja aliyefikisha miaka 55, na watoto hawaruhusiwi kuhamia. Wajukuu wanakaribishwa kusalimia, kisha wanarudi kwao.

Huko nyasi ni anasa, hivyo uwanja wa mbele wa nyumba nyingi ni changarawe tupu. Wapo waliozikumbuka nyasi za kwao wakaipaka changarawe rangi ya kijani. Usicheke, fundi rangi alilipwa.

Kuna pia Quartzsite, kijiji cha jangwani chenye wakazi 2,413 kwa sensa ya 2020. Januari hugeuka kingine: nyumba za magurudumu zinamiminika kutoka majimbo ya baridi na kutoka Kanada, hadi wageni wa msimu mzima wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kiangazi kikianza, wanatawanyika.

Na katika makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ndogo yenye sanamu ya ngamia kileleni. Chini yake amelala Hadji Ali, mchunga ngamia aliyefika Marekani mwaka 1856, jeshi la nchi hiyo lilipokuwa likijaribu ngamia badala ya nyumbu. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na jaribio la ngamia lilikuwa limekufa zamani.

Unamjua Frank Lloyd Wright, yule msanifu majengo? Kwao ni Wisconsin, jirani ya Minnesota, na baada ya kuugua nimonia alishauriwa aikimbie baridi. Mwaka 1937 akaanza kujenga Taliesin West, nje ya Scottsdale, Arizona, na kila mwaka alihama na wanafunzi wake wote: kiangazi Wisconsin, baridi jangwani. Mapaa ya mwanzo yalikuwa ya turubai. Leo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, tangu 2019.

Hata daraja limewahi kuhamia jangwani! Mwaka 1968, Robert McCulloch, tajiri wa misumeno ya mashine, alinunua London Bridge kwa dola 2,460,000. Mawe yake 10,276 yalitiwa namba, yakavushwa bahari, yakapangwa upya juu ya kiunzi cha zege katika mji mpya wa Lake Havasu City, na daraja likazinduliwa tarehe 10 Oktoba 1971.

Subiri, bado hujasikia tamu yake. Daraja lilijengwa nchi kavu, ndipo mfereji ukachimbwa chini yake ili lipate maji ya kuvuka. Daraja lililozoea ukungu wa Mto Thames sasa limo katika mji uliofikisha nyuzi 53.3 tarehe 29 Juni 1994, rekodi ya Arizona nzima.

Timu nayo ilihama. Mwaka 1996, klabu ya hoki ya barafu ya Winnipeg Jets iliondoka Winnipeg, mojawapo ya miji yenye baridi kali zaidi Kanada, ikaenda kuwa Phoenix Coyotes. Mchezo wa barafu, kwenye dungusi kakati! Watu walicheka.

Lakini mtoto mmoja wa Scottsdale alikuwa akitazama. Auston Matthews alijifunza kuteleza kwenye barafu ya ndani ya majengo, huku nje jua linachoma, na mwaka 2016 akachaguliwa wa kwanza kati ya chipukizi wote walioingia ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini. Mechi yake ya kwanza alifunga mabao manne. Klabu yenyewe haikubahatika hivyo. Mwaka 2024 wachezaji walihamishiwa Salt Lake City, mji wenye theluji yake.

Besiboli ndiyo imenogewa. Kati ya timu 30 za ligi kuu, 15 hujifua Phoenix na viunga vyake kila Februari na Machi, wakati viwanja vya baadhi yao bado vimeganda.

Na kuna Waswahili humu? Wapo! Phoenix na Tucson zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Wengi wao hawakuikimbia theluji, lakini wakifika wanakuta majirani walioikimbia.

Abdi Abdirahman alizaliwa Somalia, akaishi Kenya utotoni, akakulia Tucson. Ameiwakilisha Marekani katika Olimpiki tano, za mwisho zikiwa za Tokyo, alipokimbia marathoni akiwa na miaka zaidi ya 40. Mashabiki wamempachika jina la Black Cactus, yaani dungusi jeusi. Jangwa limempokea, si kidogo.

Kuna aliyekwenda kinyume pia. Ilhan Omar aliishi miaka minne katika kambi ya Utange, karibu na Mombasa, kabla ya familia yake kwenda Marekani na hatimaye kutia nanga Minneapolis. Kutoka kwenye minazi hadi kwenye theluji, na mwaka 2018 akachaguliwa kuwa mbunge wa bunge la taifa.

Haya, tushuke Phoenix kwenyewe. Mwaka 1950 ulikuwa mji wa watu 107,000 hivi. Sensa ya 2020 ilihesabu 1,608,139, mji wa tano kwa ukubwa Marekani. Siri ni kiyoyozi, na kiyoyozi hakikubuniwa kwa ajili ya binadamu: mwaka 1902 Willis Carrier alikitengeneza kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ili karatasi zisijikunje kwa unyevu!

Kabla ya hapo watu wa Phoenix walilala vipi? Barazani, wamejifunika mashuka yaliyolowekwa maji. Miguu ya kitanda ilisimamishwa ndani ya makopo yenye maji au mafuta ya taa ili nge wasipande.

Nge hao wapo bado. Usiku, watu wa Arizona huzunguka uani na tochi ya mionzi ya urujuanimno, na nge wakimulikwa wanang'aa rangi ya kijani inayokaribia buluu. Mgeni kutoka Minnesota anaambiwa akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Wewe je, ungehitaji kuambiwa mara mbili?

Kiangazi cha mwaka 2023, Phoenix ilipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Tarehe 19 Julai usiku wake haukushuka chini ya nyuzi 36. Yaani saa ya baridi kuliko zote siku hiyo ilishinda mchana wa Dar es Salaam katika miezi yake ya jasho.

Mwaka uliofuata, 2024, siku 113 zilipita mfululizo bila mchana hata mmoja kushindwa kufika nyuzi 37.8. Miezi mitatu na ziada, msomaji wangu!

Ila joto la kule si la pwani yetu. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Phoenix hupata kama 180 tu. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, shati linabaki safi, na wewe unaendelea kupoteza maji bila habari. Mtu wa Mombasa angejiona hatoki jasho, na hapo ndipo hatari ilipo.

Lami ya Phoenix mchana wa Julai hupita nyuzi 70. Anayeanguka na kushindwa kuinuka anaungua vidonda vya kulazwa hospitali, na kweli wanalazwa kila kiangazi.

Ndege nazo hukataa kuruka. Juni 2017, zaidi ya safari 40 zilifutwa Phoenix kwa sababu ilitabiriwa nyuzi 49, na zile ndege ndogo zilikuwa zimeidhinishwa kuruka mwisho nyuzi 47.8. Hewa ikichemka inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kushika.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote. Msafiri anadhani amehama maisha; kumbe amegeuza kalenda tu!

Tazama. Minnesota, Januari, mtu anaendesha gari amevaa glavu kwa sababu usukani umeganda. Phoenix, Julai, mtu anaendesha gari amevaa glavu kwa sababu usukani unachoma.

Minnesota mbwa huvalishwa viatu, barafu na chumvi ya barabarani visimjeruhi nyayo. Phoenix mbwa huvalishwa viatu, lami isimuunguze. Mbwa akihama anaongozana na viatu vyake.

Minnesota, baridi ikizidi, watoto hucheza ndani ya shule muda wa mapumziko. Phoenix hucheza ndani Agosti. Mpira uleule, ukumbi uleule.

Na sheria zinasemaje? Minnesota, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, mteja anayekubaliana na kampuni jinsi ya kulipa deni lake analindwa asikatiwe huduma inayopasha nyumba joto. Arizona nayo imeyawekea makampuni makubwa kanuni za kutokata umeme wa nyumbani kwa ajili ya deni wakati wa joto, 1 Juni hadi 15 Oktoba. Ukizipanga tarehe hizo kwenye kalenda, karibu zinakamilishana.

Betri ya gari ndiyo inayolia pande zote. Watu wengi hudhani baridi ndiyo inayoiua. Kumbe joto ndilo linaloimaliza. Baridi hutangaza msiba tu asubuhi gari lisipowaka. Phoenix betri nyingi hazivuki miaka mitatu.

Bodi la gari, hapo jangwa limeshinda mchana kweupe. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula vyuma vya Minnesota, wakati gari la Arizona linazeeka bila kutu. Ndiyo maana jeshi la Marekani limeegesha zaidi ya ndege 3,000 kwenye uwanja wa Davis-Monthan, Tucson. Hewa ni kavu na ardhi ni ngumu, hata sakafu haikuhitajika.

Bomba la maji nalo litamshangaza mgeni. Minnesota bomba lisipofukiwa chini sana linaganda na kupasuka. Phoenix, kiangazi, unafungua bomba la maji ya baridi na yanatoka ya moto. Bwawa la kuogelea pia halipoi kirahisi; wapo wanaonunua mashine ya kulipoza.

Hayo maji yenyewe yanatoka wapi? Mfereji wa Central Arizona Project una urefu wa karibu kilomita 540, kutoka Mto Colorado hadi Tucson, na unayapandisha maji zaidi ya mita 800 kwenda juu. Lakini waliouchimba mfereji huo hawakuwa wa kwanza. Wahohokam walichimba mamia ya kilomita za mifereji hapo Phoenix, kwa zana za mawe na miti, miaka mingi kabla ya Columbus, na baadhi ya mifereji ya leo inafuata njia zao.

Mvua ikija, inakuja kwa vitisho. Tarehe 5 Julai 2011, ukuta wa vumbi wenye kimo cha zaidi ya kilomita moja uliingia Phoenix na kuumeza mji mzima. Katika vumbi la huko huishi kuvu anayeleta homa ya mapafu iitwayo homa ya bonde, na wageni wengi huitambua baada ya kuugua. Bahati nzuri, zaidi ya nusu ya wanaoambukizwa hawasikii lolote.

Jangwani watu huzama, wajua? Makorongo makavu hujaa ghafla. Tangu 1995 Arizona ina sheria ambayo watu wenyewe wanaiita sheria ya dereva mjinga: ukizunguka kizuizi ukaingia kwenye mafuriko, gharama za kukuokoa unalipa mwenyewe.

Na vyura! Wapo vyura wanaojizika ardhini miezi minane au zaidi, wakisubiri. Ngurumo zikitikisa udongo, wanafukuka usiku huohuo, wanaita wenza, wanataga, na viluwiluwi vinakuwa vyura chini ya wiki mbili, kabla dimbwi halijakauka. Wanaoana haraka hao, hakuna kamati wala kadi za mchango.

Kinyume chao ni dungusi kubwa la saguaro. Likifikisha miaka 10 lina urefu wa sentimita 4 hivi. Mkono wa kwanza unaweza kuchipuka likiwa na miaka 50, 75 au zaidi, na linaweza kuishi miaka 150 na kupita mita 12.

Lina uzito wa tani kadhaa pia. Mwaka 1982, mtu mmoja alilipiga saguaro kwa bunduki akijifurahisha. Kipande kikamwangukia, kikamuua.

Ndani ya matundu ya saguaro, yaliyotobolewa na vigong'ota, hukaa bundi mdogo kuliko bundi wote duniani. Uzito wake ni gramu 40 tu. 

Kuna mjusi mwenye sumu anayeitwa Gila monster, mnene, mweusi na waridi. Kitu kilichopatikana mateni mwake kiliwaonyesha wanasayansi njia ya dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mgeni akimwona uani ampishe tu, kwa heshima.

Na yule mgeni wa Minnesota, msimu wa baridi kule kwao, saladi yake ilitoka wapi? Yuma, Arizona! Mji huo, ambao jua huwaka karibu asilimia 90 ya saa zote za mchana kwa mwaka, ndio kitovu cha mashamba yanayolisha Marekani mboga za majani wakati wa baridi. Alikuwa akila jangwa kabla hajalihamia.

Si watu tu wanaohama. Kila majira ya baridi, ndege aina ya korongo zaidi ya 20,000 hutua Whitewater Draw, kusini-mashariki mwa Arizona, wakitoka kaskazini ya mbali. Hawalipi kodi ya pango wala hawanunui nyumba ya magurudumu.

Saa ya ukutani mgeni ataipenda. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Arizona ilikataa tangu 1968, kama sisi tusivyojisumbua. Ila Wanavajo, ndani ya Arizona, wanasogeza. Na Wahopi, waliozungukwa na Wanavajo, hawasogezi. Ukipanga mkutano huko, uliza kwanza ni saa ya nani.

Sasa ile namba niliyokuomba uishike. Rekodi ya baridi ya Arizona ni nyuzi ngapi? Ni 40 chini ya sifuri, Hawley Lake, tarehe 7 Januari 1971! Jimbo lilelile la Phoenix.

Ndiyo, theluji ipo Arizona. Flagstaff, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka Phoenix, hupata zaidi ya mita 2 za theluji kwa mwaka wa kawaida. Uko mita 2,100 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi, na wanariadha wa masafa marefu hupanda huko kutafuta hewa nyembamba kama wenzao wanavyopanda Iten.

Lakini tusidanganyane, jangwa linaua. Mwaka 2023, kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Wengi wa wanaokufa hivyo ni wazee na watu wasio na makazi, na ndani ya nyumba kisa mara nyingi ni kiyoyozi kibovu.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza. Baada ya siku 10 hadi 14 za kuzoea joto polepole, sehemu ya maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi yake hupungua. Wiki mbili tu, na damu yako si ileile!

Basi ukiwa na mpwa au shemeji Minnesota anayekupigia simu kusema amechoka na theluji, mwambie ahame Novemba, si Juni. Anywe maji kabla ya kiu, akague kiyoyozi kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, na awaulize majirani betri yao ina umri gani. Na koti lake zito asiligawe: Flagstaff iko karibu.